Mkimbiaji Akizeeka Tumtendeeje?

Mimi si mkimbiaji, wala sikupata kuwa mkimbiaji hata katika ujana wangu. Ni mpenzi wa michezo tu, na maoni yangu ni ya mtu akaaye kando ya uwanja. Lakini liko jambo lililonikaa moyoni, nami nataka kuwaeleza wasomaji.

Jumamosi tarehe 10 Agosti, 2024, nalikuwa mkahawani pamoja na wenzangu, tukitazama katika televisheni mbio za Marathon za Michezo ya Olimpiki mjini Paris. Macho yetu yalikuwa kwa Eliud Kipchoge, aliyekwisha kupata nishani ya dhahabu Rio de Janeiro mwaka 2016, na tena nchini Japani mwaka 2021. Hapana mwanamume aliyepata kushinda mbio hizo mara tatu. Njia ilikuwa na vilima vikali. Mapema akaachwa nyuma, na baada ya kilomita 30 akaacha kukimbia, akatembea.

Mtangazaji tuliyekuwa tukimsikiliza, ambaye alianza kwa kumsifu kana kwamba amekwisha shinda, sasa aliuliza kwa nini mzee huyu hakukaa nyumbani. Watu wakacheka. Nami, naona haya kusema, nalicheka pamoja nao, nikaongeza kwamba amemnyima kijana nafasi.

Nilipomsimulia mke wangu, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mzee, ulipokaribia kustaafu ualimu ulikuwa ukisahau majina ya wanafunzi. Je, mwalimu mkuu alikucheka?" Sikuwa na jibu. Mwalimu mkuu yule alinipa darasa dogo, wala hakumwambia mtu.

Tangu siku ile nimefikiri sana. Mwaka 2003, katika mji ule ule wa Paris, Kipchoge alikuwa kijana wa miaka 18 alipowashinda Hicham El Guerrouj wa Moroko na Kenenisa Bekele wa Ethiopia katika mita 5,000. Bekele naye alikuwapo katika Marathon ya 2024, mwenye umri wa miaka 42, akamaliza wa 39. Kukimbia miaka 21 baina ya wakimbiaji bora wa dunia si jambo la kuchekwa.

Tena mtazameni mwalimu wake, Bwana Patrick Sang. Yeye mwenyewe alipata nishani ya fedha Barcelona mwaka 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji, basi ajua ladha ya kushindwa kwa hatua chache. Alimpokea Kipchoge akiwa kijana, na alikuwa naye bado alipokuwa na miaka 39. Jioni ya siku ile ile, mwanafunzi wake mwingine, Faith Kipyegon, alishinda mita 1,500 na kupata dhahabu yake ya tatu ya Olimpiki. Mwalimu wa namna hiyo hamtupi mmoja asubuhi kwa kuwa ana mwingine wa jioni. Kwa maoni yangu, siku ya kuacha mbio ni shauri la mkimbiaji na mwalimu wake. Iwapo wakuu wa michezo waona kijana afaa zaidi, na wachague kwa saa iliyopimwa, si kwa dhihaka.

Na watangazaji je? Wazee wenzangu watamkumbuka marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Alipotangaza kandanda katika redio, sisi tuliokuwa mbali tuliuona mpira kwa masikio. Hiyo ndiyo kazi ya mtangazaji: kutuonyesha yanayotendeka. Asimpandishe mtu mbinguni kabla ya mbio, kisha amzike kabla hazijaisha. Maneno yake huingia vinywani mwetu, kama yalivyoingia kinywani mwangu.

Mnamo Novemba 2025 Kipchoge alikimbia New York, akamaliza wa 17. Nalikuwa katika mkahawa ule ule. Alipovuka mstari nalisimama, nikapiga makofi peke yangu. Kijana mmoja akaniuliza, "Mzee, wamshangilia mtu wa kumi na saba?" Nikamjibu kwamba wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa, nasi ndio kwao.