Msiba Usio na Matanga

Tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani Mashariki ilitoweka. Watu waliamkia vitanda vilevile, mitaa ileile, wakajikuta raia wa nchi nyingine. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki: watu walipigwa risasi wakijaribu kuuvuka Ukuta wa Berlin. Utamliliaje hadharani marehemu wa namna hiyo? Nadhani ndiyo maana kilio kilijificha ndani ya riwaya.

Eugen Ruge, katika riwaya yake In Zeiten des abnehmenden Lichts (2011), anaturudisha tena na tena kwenye siku moja. Ni tarehe 1 Oktoba 1989, na Wilhelm, mkomunisti mkongwe, anatimiza miaka 90. Kila tunaporudi, tunaiona sherehe kwa macho ya ndugu mwingine. Meza ya kukunjua huwa anaiunganisha Alexander, mjukuu wa mkewe, lakini safari hii hayupo, amekimbilia Magharibi. Meza inaporomoka na vyakula vyake. Fumbo hilo liko wazi mno kwangu. Kinachoniuma ni Kurt, babake Alexander, mwanahistoria aliyenusurika kambi za Stalin akaandika vitabu chungu nzima. Mwaka 2001 mwanawe, naye akiwa na saratani, anamkuta Kurt kumbukumbu zimemtoka na maneno yamemwishia. Na vitabu vyake vilikuwa vya nchi ambayo haipo.

Jenny Erpenbeck, mzaliwa wa Berlin Mashariki, hamtakasi marehemu. Katika Kairos (2021), Katharina wa miaka 19 anampenda Hans, mwandishi mwenye mke na umri wa kuweza kumzaa. Penzi linageuka mateso, na kusema kweli Hans ananichosha. Lakini Katharina anapokuja kulisoma faili la Hans la Stasi, polisi wa siri, hata ujana wake aliokuwa akiukumbuka unaingia shaka.

Kwa mwandishi Christa Wolf jambo hili halikuwa la kubuni. Stasi walijaza mafaili 42 wakimchunguza yeye na mumewe. Kisha likajitokeza faili jingine, jembamba, la miaka ya 1959 hadi 1962, lililomtaja yeye mwenyewe kama mtoa habari. Alisema alikuwa amelisahau jambo hilo. Waliomshambulia magazetini hawakumsadiki. Katika Stadt der Engel (2010), msimulizi wake, mwanamke aliyeko Los Angeles, anajihoji kurasa kwa kurasa aliwezaje kusahau, na kila jibu analolipata analikataa.