Simbi Nyaima, Jirani Mdogo wa Ziwa Kuu

Sisi wakazi wa Kaloleni ya Kisumu (si ile ya Kilifi mnayoijua ninyi wasomaji wa Pwani) tukisema "ziwani" hukusudia Ziwa Victoria peke yake. Hata hivyo, kwa safari ya asubuhi moja ya matatu, kupitia Ahero na Katito hadi Kendu Bay, hufikiwa ziwa jingine dogo ambalo jamaa zetu wengi hawajalitia machoni. Jina lake ni Simbi Nyaima.

Ni shimo la volkeno lililojaa maji ya kijani, lenye ukubwa wa hekta 30 hivi na kina kinachopita mita 20. Ziwa kuu liko karibu mno, lakini maji ya Simbi ni ya magadi wala samaki hawaishi humo. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, huja kula viumbe vidogo mno vinavyoyapa maji ukijani wake. Siku tuliyofika walikuwa wengi upande wa pili, na watoto wetu walinyamaza bila kuambiwa.

Wajaluo wana kisa chao. Bikizee mgeni, mwenye njaa, alifika kijijini usiku wa karamu akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha na kumlisha. Bikizee akamwonya aondoke upesi. Mwanamke akaenda kumwita mumewe, naye akakataa kuiacha pombe yake. Usiku huo mvua ilishuka na kijiji kikazama.

Tulikisikiliza kama hadithi ya wazee, si zaidi. Lakini akina mama katika msafara wetu hawakumjadili bikizee. Walimjadili yule mke. Je, alifanya vyema kumwacha mume? Mmoja alisema mtu huonywa mara moja, kisha mama huwabeba wanawe akaenda zake. Mwingine, aliyeolewa miaka 30 iliyopita, alisema angerudi kumwita mara ya pili na ya tatu, na pengine angezama naye. Mabishano yalituandama hadi msikitini Kendu Bay, tulikoswali Adhuhuri, na hayakuisha.

Mtakaokwenda, chukueni maji ya kunywa na mikeka, na muwashike watoto mkono kwenye mteremko. Na mwenyeji akiwatolea viti na njugu za kuchemsha, kama alivyotutolea mama mmoja anayeishi ukingoni, kaeni mle. Dereva atangoja.