Ukiulizwa Hali, Jibu Halipo Mlangoni

Mpwa wangu,

Nasikia umepata kazi ya kuhoji watu kuhusu pesa zao, na kwamba mafunzoni mnasisitiziwa nani ana akaunti. Lihesabuni, ni jambo jepesi. Lakini soma ripoti za FinAccess wanazotoa Benki Kuu ya Kenya na wenzake. Mwaka 2024 asilimia 84.8 ya watu wazima walifikiwa na huduma rasmi za fedha, za simu zikiwemo, ila wenye afya ya kifedha walikuwa asilimia 18.3 tu. Mwaka 2016 walikuwa 39.4. Huduma zimeenea, usingizi umepungua.

Sasa utamuuliza mama wa Kaloleni hali yake ya pesa ikoje, naye atakujibu, “Twamshukuru Mungu.” Usiandike kwamba ameridhika! Hiyo ni adabu. Mgeni hapokelewi kwa vilio. Muulize akiuguliwa usiku, nauli ya hospitali itatoka wapi, na ni mlango wa nani atakaobisha. Muulize deni la dukani limefika wapi. Akitaja mbuzi, andika mbuzi, hata kama fomu haina nafasi yake (msimamizi na anune). Na mumewe akiwa amekaa hapo barazani, zungumzieni mvua kwanza hadi aondoke, maana pesa ya chama cha akiba haitajwi mbele yake.

Wamarekani nao wana kipimo cha ustawi wa kifedha, kilichotolewa mwaka 2015 na idara yao ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha: maswali 10, alama 0 hadi 100. Swali moja lingefaa hata kwetu: je, zawadi ya harusi itakubana mwezi huo? Huku zawadi ni mchango, na mchango hutangazwa kwenye kundi la WhatsApp. Kuna wenye mishahara mizuri wanaozima simu msimu wa harusi, na kuna mvuvi asiye na akaunti anayetoa mia mbili yake bila kukunja uso. Ukiangalia kipato peke yake, utawaandika kinyume. Wala mvuvi usimpambe: kusi ikivuma haingii baharini, na jibu lake la Juni silo la Januari. Andika tarehe.

Usimwahidi mtu chochote. Wakiona karatasi watadhani ni orodha ya msaada, na hapo kila mmoja atakuwa maskini kuliko jirani yake.

Shangazi yako