Kushoto kwa nani?

Kidato cha sita niliijibu Vuta n'kuvute kwa hoja sita: ukoloni, matabaka, ndoa ya kulazimishwa, nafasi ya mwanamke, mapenzi ya dhati, ukombozi. Kila hoja na mfano wake, kila mfano na jina la mhusika. Nikafaulu, kitabu kikaenda chini ya sanduku. Sikumbuki kama nilicheka hata mara moja.

Nalisema hili kwa aibu, maana Adam Shafi ni mchekeshaji, na sisi tuliokaririshwa vitabu vyake tumekuwa wa mwisho kujua.

Aliyenionyesha ni baba mdogo. Tunakaa Kipawa, karibu kabisa na uwanja wa ndege, na jioni moja umeme ulikatika, simu yake ikazima chaji, redio nayo kimya. Akasema, "Wewe msomi, tusomee kitu basi." Nikatoa kilichokuwa karibu. Nikasoma kwa tochi pale barazani, na kila ndege ilipopita nilinyamaza, kisha nikarudia sentensi.

Tulipomfikia Raza, mwenye duka aliyezeeka na kuozwa Yasmin, binti mbichi asiyemtaka, baba mdogo akaanza kutikisika mabega. "Huyu namjua! Yuko Vingunguti, anauza vipuri." Mwajuma alipoingia, na maisha yake ya Ng'ambo yasiyoomba ruhusa kwa mtu, akapiga paja: "Huyu sasa ndiye mtu!" Denge, mpinga ukoloni anayewindwa na Inspekta Wright, ambaye mimi nilimjazia ukurasa mzima wa mtihani, yeye alimwona kijana mzuri tu, mwenye haraka.

Usiku wa tatu akauliza mwandishi ni nani. Nikamwambia: Mzanzibari, kazaliwa 1940, kasoma uchumi wa siasa Ujerumani Mashariki na uandishi wa habari Prague, akawa mwandishi wa habari. Mtu wa mrengo wa kushoto.

"Kushoto kwa nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikaruka mbele: Karume alipouawa Aprili 1972, naye alikuwa miongoni mwa waliokamatwa na kutiwa ndani. Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli zilitoka baada ya hapo, 1978 na 1979. Haini, yenye jela ya Hamza, ikaja 2003.

"Kafungwa, halafu bado anatania?"

Hapo ndipo nilipoanza kumsoma upya. Si kila mahali anatania. Katika Kasri, Kijakazi anayemng'ang'ania bwana wake hata baada ya kunyanyaswa anaumiza kuliko hotuba yoyote, ila hotuba zenyewe zipo, na zikianza unasikia viti vya mkutano vikipangwa. Faraji wa Kuli naye mara nyingine huzungumza kama karatasi ya chama. Shafi ninayempenda ni yule anayewaacha watu wake waropoke. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 niliitazama kwa furaha, picha zake ni nzuri mno, lakini ule umbea wa kitabuni niliukosa.

Baada ya Vuta n'kuvute, baba mdogo alitaka kingine, nikaleta Kuli. Hapa hakucheka sana. Yeye ni kibarua wa miaka mingi katika viwanda vya Barabara ya Nyerere. Alfajiri anasimama getini na wenzake kungoja kuchaguliwa. Rashidi, mtoto wa kuli anayeishia kuwa kuli, hakuhitaji kuelezewa. Nilipofika kwenye mgomo nikamwambia si hadithi tupu, makuli wa bandari ya Unguja waligoma kweli Agosti 1948, na wafanyakazi wengine wa mji wakaungana nao hadi ukawa mgomo wa jumla.

Akakaa kimya. Ndege ikapita.

"Wale walikuwa na meli," akasema. "Meli isipopakuliwa, tajiri halali. Sisi pale getini ukisema hapana, nyuma yako wapo arobaini wanaosema ndiyo."

Nikadhani amemaliza, nikafungua ukurasa.

"Tulishakubaliana siku moja, hakuna kuingia mpaka tulipwe za nyuma. Tukapeana mikono kabisa. Asubuhi geti likafunguliwa, na mimi nikawa mmoja wa wale arobaini."

Nikamuuliza ilikuwa lini.

"Mwaka wa ada yako. Ulipokuwa unaingia kidato cha tano."

Nilishika tochi bila kujua niimulike wapi. Akanigonga goti kidogo.

"Soma, mwanangu. Nataka kujua wao walifanyaje."