Celica mbili na ada yangu

Mwezi wa tatu kaka yangu alinipigia simu usiku. "Mwalimu, kesho una kipindi?" Ananiita hivyo tangu nilipochaguliwa kusoma ualimu, nusu utani nusu kujivuna. Nikamwambia tuko likizo. "Basi nisindikize yadi. Nimeziona Celica mbili."

Kaka ni fundi umeme wa majumba, yuko Dodoma. Celica kaipenda tangu sekondari. Picha yake aliibandika kwenye jalada la daftari la Jiografia, na daftari lenyewe nikaja kulirithi mimi, kurasa nusu zikiwa tupu.

Zilikuwa zimepaki pamoja, zote nyeusi, milango miwili, toleo la saba lile lililotengenezwa kuanzia 1999 mpaka 2006. Dalali akasema ni pacha, ila hii moja "ina spidi" ndiyo maana imezidi milioni 2. Tukafungua boneti nikasoma kibati: moja ZZT230, yaani SS-I ya kawaida, nyingine ZZT231, SS-II. Injini zote mbili zina karibu cc 1,800. SS-I ina nguvu za farasi 145 na gia tano. SS-II ina 190 na gia sita.

Tukazijaribu. Kwenye SS-II tulipata barabara tupu, kaka akakanyaga mafuta bila kubadilisha gia. Mshale ulipopita 6,000 sauti ikageuka ghafla, kama injini nyingine imewashwa juu ya ile ya kwanza. Kaka akacheka kwa sauti, peke yake. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka vile.

Tuliporudi yadi akaniuliza, "Enhe, mwalimu, tuchukue ipi?"

Mimi nasoma Fizikia na Hisabati, kwa hiyo nikatoa somo. Nilimwambia zile farasi 190 zinapatikana injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Nguvu yenyewe ya kuzungusha, ile unayoisikia mgongoni gari likiondoka, zimekaribiana sana, tena SS-I inafika kilele chake mapema, kwenye 4,200, wakati mwenzake anasubiri mpaka 6,800. SS-II ina kamshafti yenye umbo la pili linalofungua valvu zaidi, nalo huanza kazi huko juu kwenye 6,000. Ndiyo ile sauti. Sasa kwenye foleni ya Kimara utazungusha 6,000 saa ngapi? Na njia ya Dodoma vibao vya 50 kila kijiji, trafiki na tochi zao chini ya mwembe. Gia ya pili tu ukifika 7,600 unakaribia kilometa 100 kwa saa. Isitoshe inataka petroli ya oktani ya juu. Injini ya SS-I ndiyo iliyomo kwenye Wish na Premio, spea zake kila duka la Kariakoo.

Yote hayo ni kweli, hata leo ningeyafundisha. Lakini nilijua pia kwamba injini ya SS-II imo kwenye Runx Z, na Runx Z mjini zipo. Hilo sikulisema. Nilijua injini za mwanzo za SS-I zina sifa ya kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Hilo nililipitia haraka, kama mwalimu anayetaka kengele ilie.

Kaka ndiye anayemalizia ada yangu, ile sehemu isiyofikiwa na mkopo wa Bodi. (Bumu mnalijua wenyewe linavyoisha.) Muhula uliotangulia alichelewa, nikazunguka ofisini kuomba barua ya kuingia kwenye mtihani. Pale yadi, kila dalali alipotaja milioni 2, mimi nilikuwa naigawanya kwa ada.

Akachukua SS-I. Gari halijamsumbua.

Mwezi wa saba nilipangiwa mazoezi ya kufundisha Dodoma, naye alikuwa Dar kufuata vifaa, tukaondoka pamoja alfajiri. Baada ya Gairo barabara ikafunguka. Akakanyaga, mshale ukapanda, sauti ikawa ileile mpaka mwisho. "Hapa ndipo yule mwenzake angebadilika," akasema, akaingiza gia ya tatu. Hakulalamika. Nadhani ndiyo maana nikashindwa kunyamaza, nikamweleza yote, Runx, ringi, ada.

Alikaa kimya mpaka Kibaigwa.

"Sasa si ungesema tu, mdogo wangu?"

"Ningesema ungechukua ipi, kaka?"

"SS-II. Na ada ningelipa."

Nikamwangalia. Alikuwa anaangalia mbele, kuna kibao cha 50.

"Ningechelewa kidogo," akasema, akapunguza mwendo.