Buleusa: Wazazi hawasikilizani juu ya vitabu vya picha vya kuhesabu

Wazazi wa Buleusa, kule Ikobo wilayani Walikale, hawasikilizani juu ya vitabu vya picha vya kufundisha watoto wadogo kuhesabu. Wengine wanataka vya Kifaransa, maana ndiyo lugha ya mtihani wa taifa wa mwaka wa sita. Wengine wanasema Kiswahili kwanza, na sheria ya elimu ya 2014 iko upande wao: inazikubali lugha za taifa kufundishia.

Lakini shida kubwa ni picha yenyewe. Mtoto anaonyeshwa treni tatu, naye hajaona hata moja. Anaimba moja mpaka kumi kama wimbo. Mwambie alete maharage saba, analeta ya kujaza mkono. Akionyeshwa ndizi, mayai, mihogo, anagusa kwa kidole, namba moja kwa kitu kimoja. Huko ndiko kuhesabu.

Mama aliyekimbia vita ana swali lingine. Usiku wa kutoroka mtoto yuko mgongoni, kichwani sufuria na godoro; kitabu kitakaa wapi? Huyo anawafundisha kwa mawe ya njiani, na kila wanapopumzika anawahesabu wao wenyewe.