Kuchomelea Chuma Kilichosimama

Hapa Ivuna shule yetu ina tangi la maji juu ya miguu minne ya chuma. Miguu ile niliichomelea mwenyewe, nikajisifu, kwa maana mishono yake ilikuwa laini mno. Usiku mmoja pembe moja ilifunguka, tangi likaanguka mahali pale pale watoto walipokuwa wakiteka maji jioni. Sikupata usingizi tena.

Asubuhi fundi mmoja mzee aliutazama mshono uliopasuka, akauliza, "Mwalimu, ulianzia wapi?"

Nikajibu, "Juu, mzee wangu, nikashuka."

Akasema, "Ukishuka, chuma kilichoyeyuka hukutangulia, kikafunika pembe ambayo haijaiva. Njia hiyo yafaa kwa bati jembamba. Katika chuma kinene hudanganya macho."

Ndipo akanifundisha. Umeme upunguzwe kuliko ule wa kuchomelea chuma kilicholala. Kazi ianzie chini, kijiti kikielekea juu kidogo, na ncha yake ikae karibu na chuma. Kwanza fanya kidaraja kidogo. Kikiganda, kitabeba kinachofuata. Tua kidogo upande huu, pita katikati upesi, kisha tua upande wa pili. Usipotua, kingo huachwa na mifereji. Ukikawia katikati, chuma huvimba na kuchuruzika.

Mishono yangu ya sasa ina mawimbi, wala haipendezi kama ile ya kwanza. Lakini imeshika. Hata hivyo, kila mwanzo wa muhula hukagua pembe zote nne kabla mtoto wa kwanza hajateka maji.